Kigari cha Plastiki cha Zamani: Kipime Kabla ya Kukipaka Rangi

Seti kuukuu ya plastiki ya kuunganisha gari, ile iliyolala kabatini miaka mingi au iliyookotwa kwenye lundo la mitumba boksi likiwa limechanika, watu wengi huidharau. Vipande vyake vichache, vioo vyake vinene, na milango imechorwa juu juu tu. Mtu huiunganisha jioni moja, akaipiga rangi kwa brashi, kisha akashangaa mbona haifanani na gari. Mimi nasema seti hiyo inastahili kazi yako kuliko ile ya bei ghali. Seti mpya ya Kijapani imeshamalizwa na mhandisi wa kiwandani. Kazi iliyobaki ni kufuata maelekezo. Ya zamani imekuachia mengi ya kufanya, na kasoro zake hazibadiliki sana kutoka seti moja hadi nyingine: unene wa plastiki, kimo cha gari na magurudumu. Ukizirekebisha hizo tatu, kigari kitageuka mbele ya macho yako hata kama mengine yote umeyaacha.

Nitashika mfano mmoja: Volkswagen Beetle ya skeli ya 1/32, ya aina iliyouzwa na Airfix ya Uingereza katika mfululizo wa magari madogo waliyoanza kuyatoa miaka ya 1960. Nimeichagua kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu gari lenyewe msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulifuata lilipo. Zilitengenezwa Beetle zaidi ya milioni 21 kabla ya uzalishaji kukoma huko Mexico mwaka 2003, na hata leo ukitembea Nairobi, Mombasa, Arusha au Dar es Salaam utaiona moja inatembea, au nyingine imepandishwa juu ya mawe uani kwa mtu. Omba ruhusa, upige picha, ushike madigadi kwa mkono wako. Hakuna kitabu cha maelekezo kitakachokufundisha zaidi ya hapo.

Kabla ya kukata kipande chochote, amua gari lako ni la mwaka gani. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa Beetle ina sifa ya kutobadilika. Ilibadilika sana. Mpaka mapema mwaka 1953 kioo cha nyuma kilikuwa vipande viwili vilivyotenganishwa na mhimili. Kikafuata kimoja kidogo chenye umbo la yai, kikadumu hadi Agosti 1957 kilipoingia kioo kikubwa cha mstatili. Agosti 1964 madirisha yote yaliongezwa ukubwa. Taa za mbele zilikuwa zimelala kufuata mteremko wa madigadi, na za wima unazoziona kwenye magari mengi yaliyosalia zilienea kuanzia modeli za mwaka 1968, pamoja na bampa nene zilizonyooka.

Mambo haya yana uzito kwetu kwa sababu ya mashindano ya magari ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Beetle ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena mwaka 1957 kwa Gus Hofmann, na mwaka 1962 kwa Tommy Fjastad. Anayetaka kuunda gari la Hofmann hawezi kutumia kioo cha mstatili. Kilikuwa hakijatoka kiwandani mbio zile zilipokimbiwa. Gari la Fjastad linakitaka kioo hicho, ila taa ni za kulala na madirisha ni yale madogo ya kabla ya 1964. Basi chunguza seti yako kwa makini kabla ya kuipa jina. Ikiwa ina taa za wima, usiilazimishe kuwa gari la ushindi. Ifanye gari la mwalimu mkuu au la mganga wa hospitali ya misheni wa miaka ya 1970, nalo litakuwa kweli tupu. Naipenda zaidi Beetle ya kawaida iliyo sahihi kuliko ya mashindano iliyobandikwa namba mlangoni na kila kitu kingine kimekosewa.

Sasa chukua rula, au bora zaidi kalipa venia ya maabara ya shule. Katika skeli ya 1/32, milimita 32 za gari halisi huwa milimita moja ya kigari. Beetle ina mita 2.4 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kwa hiyo kigari chako kiwe na milimita 75 kamili. Urefu wa gari la miaka ile ulikuwa karibu mita 4.07, yaani milimita 127; upana mita 1.54, yaani milimita 48. Kimo mita 1.5, yaani milimita 47 kutoka mezani hadi paani. Tairi lake lilikuwa na kipenyo cha karibu sentimita 65, yaani milimita 20. Andika namba hizi kwenye karatasi, uibandike ukutani mbele ya meza yako. Bodi ikikosea urefu kwa milimita moja, iache. Hakuna jicho litakaloona. Kimo kikizidi milimita mbili, kila mtu ataona, ingawa hatajua anachokiona ni nini.

Kuosha si jambo la kuzungumziwa sana: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha acha vipande vikauke vyenyewe. Plastiki hutoka kwenye kalibu na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kama aliyekutangulia alishaipaka rangi ya mafuta, mafuta ya breki huiondoa bila kuyeyusha plastiki ya kawaida ya seti hizi, ambayo ni polistireni. Vaa glavu, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha fremu. Petroli na thina ya rangi za magari usizikaribishe kabisa. Zinaila plastiki.

Sasa tuje kwenye unene. Chukua bodi uitazame kwa upande wa chini, pale madigadi yanapozunguka gurudumu. Ukingo wa plastiki mara nyingi hufika milimita 1.5. Zidisha kwa 32: umepata bati la sentimita karibu tano. Bati la gari halisi halifiki hata milimita moja. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kigari kuonekana kama mwanasesere, na dawa yake haina gharama. Kwa kisu chenye ncha kali, kwangua ukingo kutoka upande wa ndani kwa mshazari, kidogo kidogo, mpaka mstari unaoonekana kwa nje ubaki mwembamba. Usiguse upande wa nje. Malizia kwa msasa wa maji namba 600 uliozungushiwa kijiti. Fanya hivyo kwenye madigadi yote manne, kwenye kingo za madirisha, na chini ya ubao wa kukanyagia wa pembeni. Ni kazi ya saa nyingi, inachosha vidole, nami siwezi kumshauri mtu airuke hata kama ataruka mengine yote.

Vioo vina kasoro hiyo hiyo. Kioo cha seti kina unene wa milimita moja, ambao kwa gari halisi ungekuwa milimita 32, na kwa sababu ya umri kimegeuka manjano. Usihangaike kukisugua. Nenda duka la vifaa vya ofisi ununue jalada moja la plastiki angavu la kufungia ripoti, lile gumu kidogo. Unene wake wa karibu milimita 0.2 unakaribia kabisa kinachotakiwa. Kata kiolezo cha karatasi kwanza, kijaribu dirishani hadi kikae sawa, ndipo ukate plastiki. Kioo cha mbele cha Beetle za kabla ya 1964 kilikuwa bapa, jambo linalorahisisha kazi. Vibandike mwishoni kabisa, kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa angavu. Gundi ya superglue hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vioo, na ukungu ule hautoki kirahisi.

Tukifika kwenye magurudumu, seti nyingi za zamani zilikusudiwa mtoto avisukume vigari sakafuni. Kwa hiyo chuma kimoja kilichonyooka hupita kutoka gurudumu hadi gurudumu, na gari husimama juu mno ili lisikwaruze. Kata chuma hicho. Kigari chako kitakaa kabatini, hakina safari. Jaribu kukisimamisha juu ya vipande vya kadibodi vilivyowekwa chini ya chesisi, upime kutoka mezani hadi paani mpaka upate milimita 47, ndipo ubandike kila gurudumu peke yake likiwa limegusa meza. Uwazi kati ya chesisi na ardhi kwenye Beetle ni karibu sentimita 15, yaani milimita 4.7 kwetu.

Ukishayatenganisha magurudumu, una nafasi ya kufanya jambo ambalo seti haikulifanya. Ekseli za nyuma za Beetle hubembea kila moja upande wake kutoka kwenye gia boksi. Gari likipandishwa jeki, magurudumu ya nyuma hujikunja yakaelekea ndani kwa chini. Likibebeshwa mzigo, hugeuka kinyume, sehemu ya juu ndiyo inayoingia ndani. Beetle ya Safari ilibeba watu wawili au zaidi, tairi za akiba, mafuta na vifaa. Iinamishe sehemu ya juu ya magurudumu ya nyuma kuelekea ndani kidogo tu, kiasi cha kuhisi kuliko kuona. Mwenye kulijua gari hili atalitambua hapo hapo. Na magurudumu ya mbele yageuze kidogo upande mmoja, kama gari lililoegeshwa na mtu.

Matairi ya seti, yakiwa ya plastiki ngumu, yasugue kwa msasa yapoteze mng'ao, kisha yasugue sehemu inayogusa chini mpaka ipate ubapa kidogo, kwa maana tairi lililobeba gari halibaki duara kamili. Yakiwa ya vinaili laini, jihadhari: kemikali iliyomo huhamia kwenye rimu na kuiyeyusha polepole, ndiyo maana seti za zamani hufunguliwa zikakutwa na rimu zilizoliwa. Paka rimu rangi kwanza, na uweke tairi mbali na vipande vingine. Yakiwa yameharibika kabisa, oringi ya mpira kutoka duka la spea au la mabomba, yenye kipenyo cha nje cha milimita 20, hufanya kazi vizuri kuliko mtu anavyodhani.

Mabonde na mianya ya viungo hujazwa kwa puti ya mafundi wa bodi, ile laini ya kumalizia, ikipakwa nyembamba kwa tabaka. Kwa mwanya mdogo, tone la superglue likinyunyiziwa bekingi soda hukauka mara moja. Lisugue ndani ya saa hiyo hiyo, kwa maana likikaa usiku litakuwa gumu kuliko plastiki na msasa utakula pembeni badala ya juu yake. Plastiki ya kutengenezea vipande vipya inapatikana bure kwenye vikopo vya mtindi. Tazama chini ya kikopo: chenye namba 6 na herufi PS ni polistireni, plastiki ile ile ya seti yako, nayo hushika gundi ile ile. Chenye namba 5 kirudishe jikoni. Anayetaka kugeuza dirisha la nyuma kutoka mstatili kuwa yai hukata kiraka hapo, akakibandika, akajaza puti, kisha akakata umbo jipya taratibu kwa tupa ya duara.

Mistari ya milango na boneti iongezee kina kabla ya rangi, kwa ncha ya sindano nene iliyofungwa kwenye kijiti, ukipitisha mara nyingi kwa mkono mwepesi. Rangi itajaza sehemu ya kina hicho, na mstari ulioachwa hafifu kama ulivyokuwa mwanzo utapotea kabisa.

Kuhusu rangi yenyewe, fundi rangi wa gereji ya mtaani kwako ni mwalimu mzuri kuliko unavyofikiri. Praima, msasa wa maji, rangi, klia, kompaundi ya kung'arishia: utaratibu wake ndio wako. Tofauti ni moja. Rangi zake zina thina kali, na ukizimwaga kwa wingi juu ya plastiki isiyo na kinga, uso utapasuka nyufa ndogo ndogo. Puliza praima kama ukungu, mbali kidogo, tabaka jembamba likauke kabla ya linalofuata. Tabaka nene lina hasara nyingine pia: rangi ya unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 3.2 za rangi kwenye gari halisi, na hapo kazi yote uliyofanya kwenye kingo na mistari imezikwa. Tikisa kopo dakika nzima, jaribu kwanza ndani ya bodi, vaa barakoa, na puliza nje ya nyumba mbali na jiko.

Wakazi wa pwani wana adui wa ziada. Unyevunyevu ukiwa mwingi hewani, rangi ya thina hukauka ikiwa na weupe kama imepigwa vumbi la chaki. Alfajiri Mombasa au Dar es Salaam si wakati wa kupuliza, na majuma ya masika ni heri uyatumie kukwangua kingo. Subiri asubuhi jua likiwa limepanda na hewa imekauka kidogo, lakini usifike adhuhuri, ambapo rangi hukaukia hewani kabla haijatua na uso ukatoka na vijipele. Baada ya kila tabaka kifunike kigari kwa boksi safi. Ukikaa nyanda za juu, Nairobi au Iringa, shida yako kubwa zaidi itakuwa vumbi.

Kromu ya seti za zamani huwa nene na ya kung'aa kupita kiasi. Iloweke kwenye Jik, huondoka yenyewe, kisha bampa na vifuniko vya rimu vipake rangi ya fedha juu ya nyeusi yenye mng'ao. Kwa mstari mwembamba wa kromu unaopita ubavuni mwa gari, foili ya jikoni inatosha: paka vanishi nyembamba nyuma yake, ingoje inate, ilaze, ikandamize kwa kijiti cha meno, kisha ukate ziada kwa wembe mpya. Taa za mbele zitoboe, ziwekee foili ndani, kisha udondoshee tone la gundi angavu ya kuchanganya mirija miwili. Zile nukta za rangi ya fedha ambazo watu hupaka mahali pa taa huua uso wa gari.

Mistari ya milango baada ya rangi ijaze kwa rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, kamwe si nyeusi tupu, ambayo hufanya milango ionekane imechorwa kwa kalamu.

Na vumbi la Safari? Najua hamu ilivyo, hasa kwetu tunaoujua udongo mwekundu. Usitumie udongo wa kweli moja kwa moja. Chembe ya milimita 0.1 ni jiwe la milimita 3.2 kwenye skeli yetu, na gari litaonekana limemwagiwa kokoto. Saga chaki za rangi mpaka ziwe unga, changanya nyekundu, kahawia na kidogo nyeupe, upake kwa brashi laini kavu: kwa wingi nyuma ya magurudumu na kwenye mkia, kidogo kwenye milango, karibu na bure paani. Kwenye kioo cha mbele acha alama mbili za mapito ya waipa zikiwa safi. Ishia hapo. Matope yaliyopakwa kila mahali mara nyingi ni njia ya kuficha kazi mbaya, na anayetazama huligundua hilo upesi.

Mambo mengine achana nayo bila majuto. Injini iliyo chini ya kifuniko kisichofunguka, sakafu ya ndani, waya za chini ya dashibodi: hakuna atakayeziona kupitia dirisha la ukubwa wa kidole gumba. Vipe viti rangi isiyong'aa, usukani uukwangue uwe mwembamba, basi. Usinunue vipande vya ziada vya chuma kutoka ng'ambo kwa bei inayozidi seti yenyewe mara kadhaa. Kama una fedha hiyo, nunua seti ya pili ya zamani. Vipande vyake vitakuokoa siku moja, na huenda ukaviunganisha vigari viwili vya miaka tofauti, kimoja cha 1957 na kingine cha 1962, vikasimama bega kwa bega.

Nina ombi moja kwa msomaji, hata kwako usiye na nia ya kuunganisha chochote. Picha za Beetle za familia za miaka ya 1950 na 1960, zilizopigwa mbele ya nyumba, shuleni, barabarani siku ya Safari, zinaozea kwenye masanduku. Zinaonyesha rangi za kweli, namba za kweli, mizigo ilivyofungwa juu ya paa, tope liliganda wapi. Tafadhali zitoe, zipige nakala kwa simu, andika nyuma ya kila moja mwaka na mahali, na umruhusu kijana wa mtaani kwako anayepinda mgongo juu ya plastiki azitazame.